Mrija umejaa maji, mbegu milioni 9, IVF tumetajiwa milioni 14: pesa ianzie wapi?

Ziwani_BK

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Tuko Bukoba. Mimi miaka 37, mke wangu 33, huu ni mwaka wa nne tunatafuta mtoto na hajawahi kushika mimba. Majibu tuliyo nayo mkononi:

HSG (picha ya eksirei ya mirija ya uzazi): mrija wa kulia umeziba mwanzoni kabisa, pale unapoungana na mfuko wa uzazi. Wa kushoto umevimba na kujaa maji, dawa ya picha haikumwagika nje.

AMH, homoni inayoonyesha akiba ya mayai, 2.1 ng/ml. Homoni za TSH na prolaktini ziko sawa. Hedhi inakuja kila siku 28 hadi 30.

Manii yangu, kipimo kimoja tu cha mwezi uliopita: ujazo ml 2, mbegu milioni 9 kwa ml, zinazotembea asilimia 28, na wameandika seli za usaha 8 hadi 10. Nimepewa antibayotiki, hii ni dozi ya pili.

Kituo kimoja cha Dar kimetuambia ni IVF, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kupandikizwa, shilingi milioni 14, nusu ilipwe kabla ya kuanza. Benki tuna milioni 9, na kuna kiwanja tunachoweza kuuza. Wengine wanatuambia tujaribu IUI kwanza kwa kuwa ni rahisi, wengine wana dawa za kuzibua mirija. Naomba wanaoijua kazi hii wanieleze pesa yetu ianze kulipia nini, na ipi isitoke kabisa.

---

WaMakorora

Pole sana mkuu. Kabla ya kuuza kiwanja, IUI msiipuuze. Mbegu zinaoshwa maabara, zinawekwa moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi, siku hiyo hiyo mnarudi nyumbani. Jaribuni hata mara tatu.

---

Sista_Theatre

@WaMakorora, kwa majibu haya IUI ni pesa ya kutupa. IUI inazifikisha mbegu ndani ya mfuko wa uzazi, basi. Kutoka hapo lazima zipande mrijani zikalikute yai, na kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubika, kishuke kwa njia hiyo hiyo. Bila walau mrija mmoja ulio wazi na mzima, hata mkirudia mara kumi hakuna njia.

Ndugu Ziwani, shughulikieni kwanza yale maji ya mrija wa kushoto, na hata IVF isubiri hapo. Maji hayo hayakai kwenye mrija tu. Yanarudi kidogo kidogo ndani ya mfuko wa uzazi, yanauchafua utando na kukisukuma kiinitete kabla hakijajishika. Tafiti zilizolinganisha wanawake wenye mrija wa maji na wasio nao zinaonyesha nafasi ya mimba ya IVF inashuka kwa karibu nusu, na kwamba kuukata mrija huo au kuubana karibu na mfuko wa uzazi kabla ya IVF kunairudisha. Kwa hiyo mkilipa milioni 14 maji yakiwa bado yamo, mnanunua kwa bei kamili kitu chenye nusu ya uwezo. Kamuulizeni aliyewatajia bei: mrija wa kushoto mmeupangia nini? Akisema tutaona mbele ya safari, tafuteni maoni ya daktari mwingine.

Upasuaji ni wa matundu madogo. Sehemu ngumu ni kumwambia mwanamke ambaye hajazaa kwamba mrija wake utolewe, kwa hiyo nendeni wote wawili siku ya maelezo, shemeji aulize maswali yake mpaka yaishe. Kuna watakaowaambia mrija ufunguliwe mwisho wake badala ya kukatwa. Ukiwa umevimba sana na ndani umeharibika, mara nyingi hujifunga tena ndani ya miezi michache, na hata ukibaki wazi hatari ya mimba kutunga mrijani inapanda.

Sasa mrija wa kulia. Kuziba pale mwanzoni kabisa ndilo jibu la HSG ninaloliamini kidogo kuliko yote. Misuli ya sehemu ile hukaza mama akiumia au dawa ikisukumwa kwa kasi, na picha ikatoka kana kwamba pameziba. Ndiyo sababu mama hupewa ibuprofeni mg 400 saa moja kabla, dawa inasukumwa taratibu, na kipimo kinafanywa kati ya siku ya 7 na ya 10 tangu hedhi ianze. Kwenye upasuaji huo huo mwambieni daktari apitishe maji ya bluu kupitia mlango wa kizazi. Yakimwagika upande wa kulia na mrija ukaonekana mzima, hesabu yote inabadilika: wa kushoto unatolewa, wa kulia unabaki, na mtajadili njia za chini ya IVF kutegemea mbegu zitakavyokuwa. Mwombeni aandike kwenye ripoti alichokiona na awape picha.

Katika usingizi huo huo wa nusu kaputi achukue kipande cha utando wa ndani ya mfuko wa uzazi kipelekwe GeneXpert, kipimo cha TB. Mirija miwili ikiwa na shida kwa mwanamke ambaye hajawahi kushika mimba, TB ya kizazi iwe akilini, na mara nyingi haina kikohozi wala homa. Ikionekana, dawa zake ni bure hospitali za serikali, na zimalizwe kabla ya kupandikiza chochote.

Bima nyingi hazigusi IVF, ila upasuaji wa mrija wenye ugonjwa ni jambo jingine. Daktari aandike ugonjwa wenyewe kwenye fomu ya rufaa, mrija uliovimba na kujaa maji, kwa sababu neno "ugumba" peke yake ndilo linalorudishwa dirishani. Pelekeni fomu ofisi ya bima kabla ya kulazwa, mpate jibu la maandishi.

Kuhusu dawa za kuzibua. Mrija haukuziba kwa uchafu mithili ya bomba la sinki. Ukuta wake wa ndani una vinyweleo vidogo vinavyolisukuma yai, na maambukizi yaliyopita, hasa klamidia na kisonono, yameviunguza na kuacha kovu. Hakuna kinywaji kinachoondoa kovu. Zile za kuweka ukeni ndizo mbaya zaidi: zinaunguza, ngozi inabanduka, muuzaji anasema uchafu unatoka, kumbe ni utando wa mwili wake. Mkishafanya hivyo upasuaji utasogezwa mbele mpaka apone.

---

Hadubini

Nitasema la manii tu, maana ndiyo meza yangu.

Kipimo kimoja hakitoshi kuamulia milioni 14. Mbegu huchukua siku zipatazo 72 kutengenezwa, kisha siku kadhaa za kusafiri hadi kutoka. Malaria yenye homa kali uliyougua miezi miwili iliyopita inaonekana kwenye kipimo cha leo. Rudia baada ya miezi mitatu, au baada ya wiki nne kama muda unabana, na ufuate haya:

Kaa bila kumwaga siku 2 hadi 7, na siku zile zile kwa vipimo vyote viwili, la sivyo hutalinganisha kitu. Tumia chupa ya maabara. Usitumie sabuni, mate, mafuta wala kondomu ya kawaida. Kusanya yote. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi kuliko yote, kwa hiyo likidondoka nje mwambie mpimaji, usione haya. Ukitolea nyumbani, chupa ikae mfukoni karibu na mwili na ifike kabla ya dakika 60. Usiiweke kwenye friji wala kwenye kikapu cha pikipiki juani.

Viwango vya chini vya WHO vya 2021: ujazo ml 1.4, mbegu milioni 16 kwa ml, jumla milioni 39, zinazotembea asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, zenye umbo sawa asilimia 4. Hivyo vimetoka kwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja wa kujaribu, na asilimia 5 yao walikuwa chini ya hapo. Kuwa chini yake hakumaanishi huwezi kuzalisha.

Kwako: ml 2 mara milioni 9 ni milioni 18. Asilimia 28 ya hizo ni milioni 5 zinazotembea. Ni chache, ila si sifuri. Ikibaki hivyo watakuambia ICSI, yaani mbegu moja inachomwa ndani ya yai kwa sindano. Uliza kama imo ndani ya ile milioni 14.

Hizo "seli za usaha" ndizo zinazonisikitisha kila wiki. Chini ya hadubini, mbegu changa ambazo hazijakomaa na chembe nyeupe za damu zote zinaonekana ni viduara. Bila rangi maalumu ya kuzitenganisha, mpimaji anakisia, daktari anaandika antibayotiki, na mgonjwa anakunywa dozi tatu kwa kitu ambacho hakikuwa maambukizi. Kinachohesabika ni chembe nyeupe zaidi ya milioni 1 kwa ml zilizothibitishwa kwa rangi. Bila hilo, bila kuotesha vijidudu na bila dalili, rudi kwa daktari umuulize dozi hii inatibu nini hasa.

Akuchunguze umesimama, akuangalie mishipa ya korodani. Ikiwa imevimba kiasi cha kushikika kwa mkono na manii ni hafifu, kuna upasuaji wake. Na tafadhali, mtu asikuchome sindano ya testosteroni ili kuongeza nguvu. Homoni ikiingizwa kutoka nje ya mwili, ubongo unaacha kuiamuru korodani, na mbegu zinaweza kufika sifuri kwa miezi mingi. Sigara na mirungi, acha sasa, maana faida utaiona kwenye kipimo cha miezi mitatu ijayo.

---

Bwire_Hesabu

Niingie kwenye hiyo milioni 14. Bei moja ya jumla haisemi kitu mpaka muione imechambuliwa kwa mistari. Ombeni karatasi inayoonyesha kila kimoja na kama kimo ndani au nje: altrasaundi za kufuatilia mayai (huwa 4 hadi 6), vipimo vya damu, sindano za kukuza mayai, kuvuna mayai na usingizi wake, ICSI, kulea viinitete hadi siku ya 5, kupandikiza, kugandisha vinavyobaki, ada ya kuvitunza kwa mwaka, na kupandikiza vilivyogandishwa mara ya pili. Mara nyingi sindano na hivyo vitatu vya mwisho ndivyo vilivyo nje, na ndivyo vinavyowaacha watu njia panda.

Halafu maswali ya kuharibika. Mayai yasipokua na mzunguko ukasitishwa kabla ya kuvuna, mnarudishiwa kiasi gani? Yakivunwa yasirutubike? Kisipopatikana kiinitete cha kupandikiza? Majibu yawe kwa maandishi yenye muhuri. Nusu kabla ya kuanza ni kubwa mno. Ombeni kulipa kwa hatua: kuanza sindano, siku ya kuvuna, siku ya kupandikiza.

Mjue pia namba zinavyopungua, ili mtu asidhani ameibiwa. Yakivunwa mayai 10, karibu 8 ndiyo yamekomaa. Yatakayorutubika ni 5 au 6. Yatakayofika siku ya 5 ni 2 au 3. Huo ndio mwendo wa kawaida hata maabara ikiwa nzuri. Hayo 2 au 3 ndiyo utajiri wenu, kwa sababu kupandikiza kilichogandishwa ni sehemu ndogo ya gharama ya mzunguko mzima. Ndiyo maana uwezo wa kituo kugandisha na kuyeyusha ni swali la pesa kabisa.

Mkitajiwa asilimia ya mafanikio, ulizeni: asilimia ya nini? Kipimo cha damu kuwa chanya si mtoto. Mnataka idadi ya watoto waliozaliwa hai kwa kila mizunguko 100 iliyoanzishwa, kwa wanawake wa umri wa shemeji. Kituo kisichoweka hesabu hiyo hakijui kazi yake inakwendaje.

Viungo vya pembeni mvikatae kwa heshima: kukwaruza utando wa mfuko wa uzazi, dripu za mafuta za "kutuliza kinga", kupima kromosomu za viinitete bila sababu. Chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, ESHRE, kilitoa mapendekezo yake 2023 na vingi vya namna hii hakikuvipendekeza kwa kila mtu. Isipokuwa jambo moja, nanyi mko Kanda ya Ziwa: pimeni wote wawili selimundu. Mkikutwa wote ni AS, yaani mnabeba kinasaba chake bila kuugua, kupima viinitete kunakuwa na sababu ya kweli, na mnatakiwa mjue kabla ya kulipa.

Mkishawishiwa kupandikiza viinitete viwili ili "msipoteze nafasi", hesabuni na upande wa pili. Mapacha huzaliwa njiti mara nyingi zaidi, na wiki kadhaa za wodi ya watoto wachanga zinaweza kula kiwanja cha pili. Kwa umri wa miaka 33, kimoja kizuri cha siku ya 5, kingine kigandishwe.

Kutoka Bukoba, Kampala kupitia Mutukula ni kilometa kama 300, Dar ni zaidi ya 1,300. Kampala wana vituo vya IVF tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Siwaambii ni bora, nasema kusanyeni bei ya huko pia kwa maswali haya haya, na mjumlishe nauli na chumba cha wiki mbili hadi tatu.

Kiwanja msikiuze leo. Anayeuza kwa haraka anauza kwa hasara, na hamjui bado kama mnahitaji IVF. Mkopo wa VICOBA au SACCOS kwa ajili ya awamu ya kwanza huku ya pili haijulikani itatoka wapi, msikope.

---

Mfamasia_Kanda

Naongezea kwenye sindano, kwa sababu hapo ndipo makadirio hupasuka.

Kwa AMH ya 2.1, dozi ya uniti 150 hadi 225 kwa siku ni ya kawaida, kwa siku 8 hadi 12. Chukulia 225 kwa siku 10: uniti 2,250, sawa na vichupa 30 vya uniti 75. Muulizeni daktari dozi anayokusudia, mzidishe kwa bei ya kichupa wenyewe, kisha muongeze akiba ya siku mbili. Kuanzia siku ya 5 au 6 inaingia sindano ya pili ya kuzuia yai lisitoke kabla ya wakati, kila siku.

Kila dawa ina karatasi yake ya utunzaji. Zinazotaka baridi ni nyuzi 2 hadi 8: kwenye friji, rafu ya kati, si mlangoni na si karibu na barafu. Kwenye basi zifungwe kwa kitambaa zisigusane na barafu, maana iliyoganda imeharibika kama ile iliyopigwa na jua, na kwa macho hutaona tofauti. Zilizobaki kwa mtu mwingine zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp, msiguse. Mkivuka mpaka, beba cheti cha daktari na risiti.

Sindano ya mwisho ya kupevusha mayai ndiyo ya kuwekea kengele. Kuvuna hufanyika saa 36 baadaye. Ukichoma Jumatatu saa 3:30 usiku, unavunwa Jumatano saa 3:30 asubuhi. Ukichelewa saa mbili, piga simu kituoni usiku huo huo waisogeze ratiba. Anayenyamaza anaweza kukuta mayai hayatoki, au yameshatoka.

Baada ya hapo, tumbo kujaa haraka, uzito kupanda kilo moja kwa siku, mkojo kupungua au pumzi kubana: hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Ovari zimechochewa kupita kiasi.

Shemeji aanze foliki asidi sasa, mikrogramu 400 kwa siku. Maduka mengi yana vidonge vya mg 5, hivyo ni kwa wenye sababu maalumu.

---

Ziwani_BK

Asanteni sana, nimechapisha yote. Mambo mawili. Mke wangu anauliza, mirija yote miwili ikitolewa hedhi itakoma? Na je, tukianza na upasuaji hatutakuwa tumepoteza muda, ukizingatia umri?

---

Sista_Theatre

Mwambie mdogo wangu hedhi haikomi. Hedhi inatoka kwenye mfuko wa uzazi na inaamriwa na ovari, na hivyo vyote vinabaki. Mwombeni mpasuaji aukate mrija akiwa karibu nao kabisa, ili asiguse mishipa ya damu inayolisha ovari. AMH ipimwe kabla, muwe na namba ya kulinganishia.

Muda: kwa miaka 33 na AMH hiyo, miezi minne mnayo. Mwezi huu selimundu kwa wote, VVU, homa ya ini B na kaswende, maana kituo chochote kitavidai. Wakati huo huo fomu ya bima iende. Upasuaji ufanyike mwezi ujao au unaofuata, hedhi ikishakauka na kabla ya siku ya 12, ili kusiwe na mimba changa wala damu ya kuziba macho ya kamera. Apumzike mzunguko mmoja au miwili. Kufikia hapo miezi mitatu ya manii yako imetimia na kipimo cha pili kipo. Ndipo mnakaa na bei za Dar na Kampala mezani.

---

Hadubini

Kipimo hicho cha pili kafanye maabara ile ile, kwa idadi ile ile ya siku za kukaa. Na siku ukihisi homa ndani ya miezi hii mitatu, iandike tarehe yake uje nayo.